Mng'ongo Usio na Kokwa

Mtu akinionyesha mng'ongo, mimi siangalii juu. Nainama nitazame chini, na mara nyingine nachimba kidogo kwa kidole. Hapa Kibiti wananicheka, wanasema mwanamke huyu miti anaitazama miguuni kama aliyeangusha sindano. Wacha wacheke. Kucheka hakulipiwi kodi, na wao hawakuolewa Ngorongo, kule bonde la mto.

Kwetu ni watu wa mikorosho. Babu zangu waliteremka kutoka vilima vya Umatumbi wakajenga karibu na Kibiti, na mimi nimekua nikiujua mti mmoja tu kwa undani, mkorosho, ambao hauna siri. Ukiwa na afya unazaa, ukiumwa hauzai, basi. Nilipoolewa bondeni nikakuta watu wanaouliza mti ni dume au jike kabla hawajaketi kivulini mwake. Nikadhani ni utani. Watu wa bonde na sisi wa vilimani tunataniana tangu enzi za mababu, kwa hiyo mengi waliyoniambia mwanzoni niliyachukua kuwa ni ya kunichezea shere. Wao walisema sisi tunaogopa maji. Mimi niliwajibu kwamba wao wanaogopa ardhi, ndiyo maana nusu ya mwaka wanalala hewani kama kuku.

Na kweli walilala hewani. Mpunga ukishaota, kaya nzima inahamia kondeni na kuishi kwenye dungu, yaani kichanja cha miti chenye paa la makuti, kimesimama juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi. Hapo juu mnapika, mnalala, mnalea watoto, mnapiga debe kufukuza viboko na nguruwe, hadi siku ya kuvuna. Nyumba ya kijijini inabaki na mijusi. Mwaka wangu wa kwanza nililia, sikuona haya, nikasema nimeolewa na ndege. Mume wangu alicheka mpaka akashika ubavu.

Alikuwa mtu wa kucheka, mume wangu. Alivaa kofia ya kufuma aliyoisukuma upande wa sikio, na kofia hiyo ndiyo iliyokuwa mfuko wake. Mayai aliyapakia humo, misumari humo, dagaa humo. Nilimgombeza mara ngapi, kofia ya kuendea msikitini unatilia dagaa. Alijibu kwamba kichwa chake hakina kitu, kwa hiyo kofia lazima ipewe kazi.

Aliyenifundisha kwamba habari za miti si utani ni mama mkwe wangu. Alikuwa mwembamba, mwenye ulimi mkali kuliko wangu, na wanaonijua wataelewa ninasema nini. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na kivuli, mengine aliyatafuta kwa vidole. Siku moja alinishika mkono akanipeleka kwenye mng'ongo uliokuwa njia ya kisimani, akakiweka kiganja changu juu ya shina. Gome la mng'ongo uliokomaa hubanduka vipande vya mviringo, na mahali kipande kilipotoka hubaki pamepauka, laini, kama ngozi changa chini ya kigaga. Akanivutia tawi. Majani ya mng'ongo hujikusanya kwenye ncha za matawi, kila jani lina vijani vinavyotazamana viwili viwili na kimoja cha peke yake mwishoni. Akasema hayo ni ya kuujua mng'ongo tu. Kujua umesimama chini ya dume au jike ni kazi nyingine, na hiyo ndiyo yenye maana.

Mng'ongo dume hutoa maua yanayoning'inia, nyuki wakajaa, yakapukutika, kazi yake ikaisha. Jike huzaa. Ng'ongo huanguka zikiwa bado kijani, zinaivia chini, zinakuwa za njano, na harufu yake tamu yenye uchachu inakwenda mbali kuliko sauti ya mtu. Wengi wanazisubiri. Ngedere huanza zikiwa bado mtini, wakidondosha nyingi kuliko wanazokula. Paa huja alfajiri, wakishtuka kwa kila jani linalocheza. Tembo wa hifadhini huja kundi zima, huzimeza nzima nzima, na mama mkwe aliwahi kunionyesha kinyesi cha tembo njiani chenye kokwa ndani yake, moja imeshatoa mche. Alifurahi kana kwamba amekuta kifaranga. Nyama ya tunda ikiisha inabaki kokwa, ngumu kama jiwe, yenye vijicho viwili au vitatu, na nyuma ya kila kijicho kuna kiini chenye mafuta ambacho panya buku na watoto wanakipigania. Kokwa haiozi upesi. Inakaa chini ya mti mwaka hata mwaka. Ndiyo maana wakati wa kiangazi, mti ukiwa hauna jani wala ua wala tunda, watu wa bonde hutazama chini. Ukikuta kokwa, jike. Usipokuta, dume.

Nguruwe ndio wapenzi wakubwa wa ng'ongo, na nguruwe wana mtu wao anayewafuata. Kondeni hakuitwa simba. Aliitwa mwenyewe. Mwenyewe hana haja na ng'ongo wala mpunga, ila anajua nguruwe wanakula wapi, na akishazoea kulala mahali fulani akiwasubiri, halafu wasije, mtu anayeshuka ngazi ya dungu kwenda kukojoa naye ni nyama. Kwa hiyo desturi ilikuwa moja na haikujadiliwa. Dungu linajengwa karibu na mng'ongo dume kwa ajili ya kivuli chake, na linakaa mbali kabisa na jike. Mng'ongo jike nao haukatwi, unaachiwa pori lake. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo, mtu mzima anauliza kuna kokwa au hakuna.

Kisha ikaja mvua ya Elinino. Sitaisimulia yote, walioiona wameiona. Mto ulipanda ukawa bahari ya tope, ukachukua mpunga, mitumbwi, na konde la ukoo wa mume wangu lote, ardhi yenyewe, ukapitisha maji mahali tulipokuwa tunapanda. Maji yalipoondoka yaliacha tope jipya kila mahali, lililokauka na kupasuka vipande vipande. Tulikula majani na mizizi. Nilikonda hadi pete ikawa inaanguka kidoleni, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Tulipewa konde jingine upande wa juu wa mto, kule mwisho kabisa, ambako baada ya ukingo wa shamba ni pori tupu hadi hifadhini. Mpunga wa konde lile ndio ungekuwa chakula chetu chote. Tusipovuna, hakukuwa na kitu cha pili.

Tulikwenda kulitazama wakati wa kiangazi, sisi watatu, na binti yangu mgongoni. Ukingoni palikuwa na mng'ongo mmoja mkubwa, mtupu, hauna hata jani. Mama mkwe aliugusa gome, akatabasamu, akajitenga na shina akaegemea fimbo yake.

"Chini yake kuna kokwa?" aliuliza.

Mume wangu aliuzunguka mti, akatimua tope kavu kwa kidole cha mguu hapa na pale. Mimi nilitazama pia. Palikuwa safi kama uwanja uliofagiliwa kwa sikukuu.

"Hakuna hata moja, mama."

"Basi dume," alisema. "Tumepata kivuli cha bure."

Maisha yote ya mama mkwe swali hilo lilikuwa limemtosha, kama lilivyomtosha mama yake. Tulifurahi sote. Baada ya mwaka kama ule, kivuli cha bure kilikuwa kama salamu kutoka kwa Mungu.

Mvua za vuli zilipoanza mume wangu alichimba mashimo ya nguzo. Siku hiyo mama mkwe alikuwa kijijini na homa. Mimi nilikuwa nazoa udongo kwa mikono, na kwenye shimo moja, chini sana, zilitoka kokwa mbili pamoja na udongo, nyeusi, zimeloa. Nikamwonyesha. Alizitazama, akazirusha akasema zimeletwa na maji. Nilimwamini, na nani asingemwamini? Maji yale yalileta kila kitu. Tulikuwa tumeokota mlango wa nyumba ya watu tusiowajua, na mbuzi aliyekufa akiwa na kamba shingoni. Kokwa mbili zilikuwa ni nini?

Akasimamisha dungu, tukapanda mpunga, naye akaondoka. Miaka ile redio haikumaliza siku bila kutaja soko huria. Malori ya watu wa Dar yalikuja hadi Ikwiriri kufuata mbao, na kila mwanaume mwenye mabega aliingia msituni kupasua mkongo na mninga. Alisema atapasua kwa muda mfupi tu, tupate vya kuanzia, na atarudi kabla mpunga haujainamisha shingo. Aliondoka akipiga mluzi, kofia upande. Alipofika kwenye mng'ongo aliupiga shina kofi, kama mtu anayeagana na rafiki.

Januari nilikuwa kwenye palizi. Shingo ilinikaza, nikainua uso ili kuinyoosha, macho yakaenda kwenye mng'ongo. Ulikuwa umeshavaa majani yake yote. Katikati ya majani kulikuwa na vitu vya mviringo, kijani juu ya kijani, na ukishakiona kimoja unaviona vyote. Nilitupa jembe palepale, nikauendea mti.

Nilichuma kimoja nikampelekea mama mkwe dunguni, nikamtilia kiganjani. Alikizungusha kwa kidole gumba. Akakinusa. Hakuniuliza mti gani. Halafu aliuliza mumeo yuko wapi hasa. Nikamwambia msituni, na msitu hauna anwani.

Nilipita kwenye madungu ya majirani kuomba watu wa kutuhamishia dungu letu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa Mbwera kwa wakwe zake, kwenye uvuvi wa kamba. Waliobaki walikuwa wazee na wanawake kama mimi, kila mmoja na magugu yake. Waliniambia kesho kutwa. Kesho kutwa ya watu wa kondeni wakati wa palizi ni mbali kuliko Dar. Nilirudi nimefura, nikachukua shoka nikauendea mti. Mama mkwe alisikia hatua zangu akajua, akaniita kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia kwangu kabla.

Alinieleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa. Nguruwe wapo pori lile mti uwepo usiwepo. Ng'ongo zikiwapo watakula ng'ongo. Ukiukata, watakula mpunga wetu, na mwenyewe atawafuata humo humo katikati ya mpunga, mahali ambapo hatutaona hata nyayo. Hapa angalau tunajua wanakula wapi. Alinitaka nisitembee chini ya mti jua likiwa limelala, niweke mkojo wetu kwenye kopo hadi asubuhi, na ngazi niivute juu mapema. Nilishusha shoka, ila hasira sikuishusha. Nilimkasirikia yeye kwa kuwa na akili, na nilimkasirikia mume wangu kwa kupiga mluzi.

Mwezi wa pili ng'ongo zilianza kuanguka. Kila asubuhi, jua likishapanda vizuri, nilikwenda kusoma ardhi. Kwato za nguruwe zilikuwa zimekanyagana hadi tope likawa uji. Maganda yalitapakaa, kokwa zimelambwa zikang'aa. Nikirudi, mama mkwe ananisubiri ukingoni mwa dungu, miguu ikining'inia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekula?"

"Wamekula."

Hiyo ndiyo ikawa salamu yetu. Na ajabu ni kwamba mpunga haukuguswa. Majirani walilia, madebe yao yalipigwa usiku kucha na asubuhi majaruba yao yamefukuliwa, lakini wetu ulisimama. Nguruwe walifika wakiwa na njaa wakaondoka na matumbo mazito, ng'ongo zimewatosha. Mpunga ukabeba mimba. Nilianza kuuzoea mti ule. Niliokota ng'ongo mchana, nikamkamulia binti yangu maji yake, akapata mashavu. Mama mkwe alisema kumbe tumepewa mlinzi. Hata yeye alikuwa ameanza kulegea, nilimsikia kwenye sauti yake, na hilo lilinitisha kuliko kwato.

Habari zilikuwa zikitembea. Ng'ambo ya mto mtu alikuwa amechukuliwa, wengine wakasema ni wawili. Aliyetuletea habari hizo alizisema akiwa anatazama pembeni, akakataa kukaa kunywa maji.

Kisha asubuhi moja nikakuta ng'ongo zimelala. Zilikuwa nyingi, za njano, zimeanguka tangu jana yake, na hakuna iliyoumwa. Kwato zilikuwa zile za zamani, zimeanza kukauka kingo. Ngedere hawakuwepo. Nilijiambia wameshiba. Nilirudi, nikaulizwa, nikajibu hawajala. Asubuhi iliyofuata sikuwa na haja ya kwenda. Harufu ilikuja hadi dunguni, ya matunda yanayochacha na kuoza, na tangu msimu uanze ilikuwa haijawahi kupata nafasi ya kuwa hivyo. Mama mkwe alikuwa ameinua uso, pua juu.

"Hawajala tena," alisema. Hakuuliza. "Nguruwe wamemkimbia mwenyewe. Funga mtoto. Tunaondoka jua likiwa juu."

Nikamuuliza na mpunga je. Nakumbuka nilivyouliza, kwa ukali, kama vile yeye ndiye aliyewafukuza nguruwe. Ulikuwa umebakiza muda mfupi tu, na nguruwe wangerudi siku yoyote. Alisema mpunga hautaniita mama. Basi nikafunga mtoto.

Kwa desturi ya kule, anayehama mahali pabaya hukata tawi bichi na kulilaza katikati ya njia, majani yakimwelekea anayekuja, na kila mtu wa bonde akiliona anageuka bila kuuliza. Nililaza tawi moja kwenye njia ya kijijini, jingine kwenye njia ya majirani. Njia ya mtoni ilikuwa imekufa tangu mafuriko yachukue mitumbwi, matete yalikuwa yameifunga, hakuna aliyeikumbuka. Tulitembea hadi kijijini, mama mkwe ameshika pindo la kanga yangu. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, nililala chini kwenye ardhi, ndani ya kuta, nikashukuru.

Asubuhi nilikuwa natwanga uani. Kijana mmoja wa kupasua mbao alipita, mmoja wa wale wanaozishusha kwa mtumbwi hadi wanakopakia malori. Mtumbwi wao ulikuwa mpya, wa tajiri. Alisalimu vizuri, akatupongeza kwa kumpata mtu wetu. Walimshusha jana alasiri pale kondeni, akasema, alikuwa na haraka ya kuwaona, akapita katikati ya matete akiimba. Je, amefika salama?

Mchi ulibaki juu mikononi mwangu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mboga, na nilimwona anaweka jani moja chini, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

Wanaume walikusanyika na mikuki, mapanga na madebe. Walinikataza kwenda. Nilikwenda. Walinigeukia njiani wakanifokea, mimi niliendelea kutembea nyuma yao, na walipoona kwamba njia pekee ya kunirudisha ni kunifunga kamba, wakaniacha.

Mfuko wake ulikuwa umetundikwa kwenye ngazi ya dungu. Ndani yake kulikuwa na sukari na kanga mpya, ya rangi niliyoipenda. Viatu alikuwa amevivua na kuvipanga chini ya ngazi, kwa hiyo alipanda, akatuona hatupo, akashuka tena. Hakuwa na wasiwasi. Kwake yeye mng'ongo ule ulikuwa bado dume, rafiki wa kivuli, na hakuwapo wa kumwambia vinginevyo. Alipokuta ng'ongo zimetapakaa chini, za njano, nyingi vile, nadhani alicheka. Nadhani alijisemea lo, kumbe sisi sote wajinga. Namjua. Kofia yake tuliikuta chini ya mti, imesimama wima, imejaa ng'ongo hadi juu. Hakuwa ameziokota ovyo. Alikuwa amezichagua, zilizoiva sawasawa, zisizo na ufa wala mdudu, za kumpelekea mtoto.

Yeye tulimkuta mbali kidogo, ndani ya matete. Jirani mmoja alinifunika uso kwa shuka na sikumkataza. Tulimzika siku ileile. Sitasema zaidi kuhusu hilo.

Niliwachukia watu wote wakati ule. Nilimchukia tajiri wa mbao ambaye sikuwahi kumwona, na kijana wa mtumbwi aliyeuliza kwa adabu. Nilimchukia mama mkwe kwa sababu alikuwa ametuokoa. Alikuwa akilala upande wa pili wa mkeka wangu na nilikuwa nikisikia anavyopumua, hajalala, na sikumsemesha.

Baada ya arobaini shemeji yangu alirudi kutoka Mbwera akiwa na shoka jipya. Mpunga mwingi ulikuwa umeshaliwa. Tulivuna kidogo pembeni. Alisema ataukata mti ule na kuuchoma hadi mizizi. Watu walimuunga mkono, nami nilikuwa wa kwanza. Mama mkwe aliomba apelekwe kwanza. Nilimwongoza mimi, kwa kuwa hakumtaka mwingine.

Walikuwa wameanza kwa kung'oa dungu, maana nguzo ni mali. Alisikia nguzo zikianguka, akauliza mashimo yako wapi. Nikampeleka kwenye moja. Alipiga magoti, akaingiza mkono hadi kwapani, akawa anapapasa kuta za shimo. Juu lilikuwa tope la mafuriko, laini, tupu. Mkono ulipofika chini ulisimama. Alianza kuchokonoa, na alichokitoa alikiweka juu ya kanga yake aliyoitandaza mapajani. Kokwa moja. Nyingine. Akatoa konzi nzima. Zilikuwa nyeusi, za miaka na miaka, zimelala kwa tabaka kama mchele chini ya gunia. Maji hayakuwa yamezileta. Hayakuwa hata yamezifagia. Yalikuwa yamezifunika tu.

Shemeji alikuwa amesimama na shoka lake. Mama mkwe alichukua kokwa moja akaipapasa vijicho kwa ukucha, kimoja, cha pili, cha tatu. Alimwambia mwanawe aweke shoka, mti ule ubaki, nguruwe wa mwakani lazima wapate pa kula pasipokuwa mpunga wa watu. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi. Kisha alinigeukia, ingawa hakuwa akiniona.

"Alipochimba hapa, hazikutoka?"

"Zilitoka mbili," nilisema.

"Mbona sikuambiwa?"

"Alisema zimeletwa na maji, mama."

Alitikisa kichwa kidogo, akaanza kuzirudisha shimoni, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu, akipapasa kila moja kabla ya kuiachia. Nilipiga magoti nikamsaidia. Tulipomaliza alinyoosha mkono nimwinue, na kiganja chake kilikuwa cha baridi na kimejaa tope.